Simu Yenye Jicho

Kuna vitu ambavyo mtu huvidharau mpaka aone jina analoliheshimu limeandikwa juu yake. Hayo ndiyo yaliyompata mpiga picha mmoja wa Korogwe mwishoni mwa mwaka 2011. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye duka la picha si mbali na stendi ya mabasi, na kwa miaka mitatu au minne alikuwa amekwisha ona biashara yake ikimomonyoka kama ukingo wa mto Pangani wakati wa masika. Sababu ya kumomonyoka huko aliijua. Vijana walikuwa wakipigana picha kwa simu za mkononi, wakizitazama papo hapo, wakizicheka na kuzifuta. Picha zenyewe zilikuwa mbaya, nyeusi kupita ukweli, na zenye ukungu kama zilizopigwa kupitia chandarua. Lakini zilikuwa za bure, na kitu cha bure kina watetezi wengi. Basi mpwa wake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alipomletea simu iliyokwisha tumika, aliyoinunua Kariakoo, hakuipokea kwa mikono miwili.

"Mjomba, hii ni Nokia N8," alisema kijana. "Kamera yake haina mfano."

"Simu ni ya kusemea," alijibu mjomba wake. "Mbuzi akiota pembe ndefu hawi ng'ombe."

Walakini, kwa ajili ya adabu, aliigeuza simu akaitazama mgongoni. Hapo palikuwa na kinundu kilichotokeza nje kidogo, na katikati ya kinundu jicho la kioo, na karibu na jicho hilo maneno mawili: Carl Zeiss. Akanyamaza.

Maneno hayo aliyafahamu kabla hajajua kusoma vema. Duka lake alilirithi kwa mjomba wake mwenyewe, ndugu wa mama yake, na pamoja na duka alirithi kamera ya kukunja iitwayo Zeiss Ikon, ambayo marehemu aliinunua kwa msimamizi mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Korogwe ni mji uliozaliwa na safari. Reli iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakaifuata. Na mashambani wakaja manamba kutoka pande zote za nchi na hata nje ya nchi, watu waliokaa mbali na kwao miaka mingi, na ambao hawakuwa na namna nyingine ya kuwaambia ndugu zao kuwa wangali hai na wamevaa viatu. Mpiga picha wa mji kama huo halali njaa. Mteja aliketi mbele ya pazia lililochorwa ziwa na minazi, akapewa kitana na kioo, akafungwa tai ya duka, akaambiwa atulie. Filamu ilipelekwa kusafishwa, naye akarudi baada ya siku kadhaa kuitazama nafsi yake. Kamera ile ilikuwa na desturi ya kubisha hodi. Hakuna mtu hata mmoja aliyepigwa picha nayo bila ya kujua.

Sasa jina lilelile lilikuwa nyuma ya simu. Kijana alicheka alipomwona mjomba wake akiipeleka simu mlangoni kwenye nuru, akaitazama lenzi kama atazamavyo mganga ulimi wa mgonjwa.

Ni haki kueleza kitu hicho kilivyokuwa, maana siku hizi watoto hawakijui. N8 ilitangazwa na kampuni ya Nokia ya Finland mwezi wa Aprili 2010, ikaanza kuuzwa mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, kwa bei iliyokadiriwa euro 370 kabla ya kodi. Mwili wake ulikuwa wa alumini, uzito wake gramu 135, na kioo chake cha inchi 3.5. Ilikuwa na kumbukumbu ya GB 16 ndani na nafasi ya kadi nyingine pembeni. Iliweza kupiga filamu za video, kuonyesha picha katika televisheni kwa waya wa HDMI, na kuhamisha vitu vyake moja kwa moja katika kidude cha kuhifadhia bila ya kupitia kompyuta. Iliweza kuchajiwa kwa waya mpya wa USB na pia kwa pini ile nyembamba ya Nokia ambayo kila kibanda cha Tanzania kilikuwa nayo, na hili kwa mtu wa Korogwe si jambo dogo. Kwa mambo mengine haikuwa ya kusifiwa sana. Programu iliyoiendesha, Symbian, ilikuwa imekwisha zeeka. Ilijizungusha na kusitasita kama karani asiyependa kuulizwa, wakati simu za Marekani zilikuwa zikijibu kwa kuguswa tu. Wachambuzi wengi waliandika hivyo walipoipima, na hawakukosea.

Lakini kamera yake ilikuwa jambo jingine. Wauzaji walipenda kutaja megapikseli 12, yaani nukta 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, kwa kuwa hesabu ni rahisi kupigia kelele. Siri haikuwa humo. Mtu akitega vikombe mia chini ya paa dogo, kila kikombe hupata matone machache tu. Akitaka vijae, hana budi kutafuta paa kubwa zaidi. Ndivyo ilivyo kwa nukta na nuru. Kile kibati cha kupokea nuru, kinachoshika mahali pa filamu, katika N8 kilikuwa kikubwa kuliko vya simu nyingine za wakati ule, hata kuliko vya kamera nyingi ndogo za mfukoni. Kwa hiyo kila nukta ilipata nuru ya kutosha, na picha haikujaa zile chembe chafu ambazo mpiga picha wetu alizichukia katika simu za vijana. Lenzi yake ilitazama kwa upana wa lenzi ya milimita 28 katika kamera ya filamu, yaani ilitosha kuwaingiza bibi na bwana harusi pamoja na shangazi zao wote katika chumba kidogo.

Na taa yake! Simu karibu zote zilikuwa na kijitaa cha kuwaka mfululizo, dhaifu, chenye kumfanya mtu mweusi aonekane kama mkaa uliomwagiwa majivu. N8 ilikuwa na taa ya zenoni, kama kamera kamili. Umeme hukusanywa kwanza na kuwekwa akiba, kisha hupitishwa wote mara moja katika kijibomba chenye hewa ya zenoni, ukatoka mmweko mkali usiodumu hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo hakuna kitu cha duniani kinachowahi kusogea. Mkono wa mpiga ngoma husimama hewani, na maji yanayomwagwa huwa shanga.

Mpiga picha alibandika gazeti ukutani, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga. Katika kompyuta ya jirani akaikuza picha ile mpaka akasoma vichwa vya habari vyote, hata vidogo. Jambo moja lilimshangaza. Kioo cha simu kilikuwa na nukta 640 kwa 360 tu. Ukipiga hesabu, kilionyesha chini ya sehemu moja ya hamsini ya kilichomo katika picha. Mwenye simu alibeba mfukoni vitu ambavyo hajapata kuviona. Neno hili alilirudia mara nyingi kwa wateja wake, kwa majivuno, bila ya kujua kuwa litamrudia.

Mwaka uliofuata duka lilipata uhai kidogo. Alipiga harusi, mahafali ya shule, picha za pasipoti mbele ya shuka jeupe. Alipokwenda Handeni kwa basi dogo alimfurahisha dereva kwa uwezo mwingine wa simu ile: iliweza kurusha sauti kwa mawimbi ya redio kwa umbali wa hatua chache, hivyo redio ya gari, ikitafutiwa nafasi iliyo tupu, ikaimba taarabu iliyokuwa mfukoni mwa abiria. Dereva aliamini kuwa ni kituo kipya cha Tanga.

Handeni alikuwako mama yake. Alikaa katika kijiji kilicho upande wa Sindeni, katika nyumba ya bati iliyozungukwa na michungwa, na barabara ya kutoka Korogwe, yenye kilometa 65 hivi hadi Handeni, ilikuwa haijakwisha tiwa lami, kwa hiyo kila aliyemtembelea alifika mwekundu kwa vumbi kama udongo wenyewe wa Uzigua. Mwanamke huyu hakuwa na picha hata moja. Mganga hajigangi, watu husema. Lakini hapa kosa halikuwa la mganga. Mama alikataa. Hata kadi ya mpiga kura hakuichukua, akisema kura wapige wenye meno.

Sababu yake haikuwa ushirikina, ingawa majirani walidhani hivyo. Mumewe, aliyekuwa mkata mkonge, alipigwa picha na shemeji yake kwa kamera ile ya kukunja mwaka 1969, akafariki mwaka 1978, na picha ikatiwa katika kioo na kutundikwa ukutani. Mama alimweleza mwanawe siku moja, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari ya shamba.

"Zamani nikifumba macho nilimwona baba yako anakuja njiani, jembe begani, anatabasamu kabla hajanifikia. Nilimwona anavyokula, anavyokohoa. Picha ile imekaa ukutani miaka mingi, mwanangu. Sasa nikifumba macho naiona karatasi. Amesimama, amefungwa tai isiyo yake, wala hatabasamu. Sitaki mtu anikumbuke karatasi."

Mwanawe hakuwa na jibu, naye alikuwa amelelewa na karatasi hizo. Aliheshimu neno lile miaka yote aliyokuwa na kamera ya kubisha hodi.

Mwezi wa Agosti 2012, baada ya mavuno, alikwenda kumwona. Jioni mama aliketi uani juu ya mkeka na wajukuu wawili, wakipukuchua mahindi kwa mwanga wa kibatari. Giza lilikuwa limekwisha shuka. Simu ilikuwa mkononi mwake, na akilini mwake lilikuwako lile wazo ambalo kila mwenye chombo kizuri hulijua: kwamba anataka tu kujaribu taa. Mama alikuwa ameinamisha uso. Basi mwanawe akaita, "Mama!"

Mama aliinua uso. Nuru ikatoka na kurudi kabla mtu hajapata kushtuka, na kwa kitambo kisicho na urefu ua wote ukawa mchana: mahindi, michungwa, kuku waliolala. Watoto walipiga kelele kwa furaha. Mama hakupiga kelele. Aliyakodoa macho gizani, akitafuta mahali mwanawe aliposimama, kisha akasema neno moja.

"Futa."

Mwanawe akainamisha uso juu ya kioo, akabonyeza hiki na kile, akasema, "Nimefuta, mama." Na haikuwa kweli.

Aliweza kujitetea, na alijitetea mara nyingi usiku. Kamera ya filamu haikuwa na neno kufuta. Ukishapiga, umepiga, na kwa sababu hiyo uliomba kwanza. Simu ilileta urahisi wa kuchukua pamoja na urahisi wa kurudisha, na watu wakaona kuwa mambo hayo mawili yanalingana. Hayalingani, maana la kwanza hufanywa na mkono na la pili hutegemea moyo. Picha ile hakuisafisha, hakuionyesha kwa mtu, wala hakuihamisha kutoka ndani ya simu. Aliitazama mara mbili tatu katika kioo kidogo, ambacho kilimwonyesha sehemu moja ya hamsini, akaona uso, kanga na weupe wa mahindi.

Mama alifariki mwaka 2014, wakati wa mvua. Matanga yakapita bila ya picha, kama alivyotaka.

Mambo ya dunia yakaendelea kama yaendavyo. Nokia yenyewe, ambayo mwaka 2012 ilitoa simu nyingine ya ukoo ule yenye kibati kikubwa zaidi na megapikseli 41, ilisema Januari 2013 kuwa hiyo ndiyo ya mwisho ya Symbian, na mwaka 2014 ikauza biashara yake ya simu kwa Microsoft. Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia. Watu wengi wa sokoni Korogwe waliamka na simu zilizo kimya, na N8, ikiwa ya asili, ikaendelea kuita. Ushindi huo ulidumu mwaka mmoja. Mwisho wa Juni 2017 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za namna ile, na mpiga picha asiyeweza kumtumia mteja picha yake ni kama muuza maji asiye na ndoo. Akanunua simu nyingine. N8 ikaingia katika mtoto wa meza, karibu na kamera ya kukunja, jina moja limelala kando ya jina.

Mwaka 2019 dada yake mdogo alikuja kutoka Handeni na binti yake wa miaka minane. Mtoto huyo alipewa jina la bibi yake, na shuleni alikuwa ameagizwa kuchora watu wa ukoo wake. Babu alimchora kwa kutazama picha ya ukutani, pamoja na tai. Mahali pa bibi aliacha duara tupu.

"Mjomba, wewe ndiye mpiga picha," alisema mtoto. "Bibi alikuwaje?"

Mtu aweza kuficha kitu miaka saba na kushindwa kukificha dakika moja zaidi. Alimwambia dada yake yote, pamoja na lile neno "nimefuta". Dada hakugomba. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akauliza simu iko wapi.

Simu haikuwaka. Betri iliyolala miaka miwili bila ya kuchajiwa ilikuwa imekufa, na katika N8 betri haitolewi kwa ukucha kama katika Nokia nyingine. Imefungiwa ndani ya alumini. Kosa lilikuwa la mwenyewe, kwa kuwa kadi ya pembeni ilikuwa tupu, na nakala ingalichukua dakika moja tu kutolewa. Wakaenda kwa fundi wa simu karibu na soko. Kijana yule alizaliwa baada ya filamu kwisha kuwa biashara, lakini mikono yake ilikuwa na adabu: alifungua skrubu mbili ndogo za upande wa chini, akavuta kitako, akaichomoa betri, akatafuta ya namna ile katika sanduku la simu zilizokufa, akaitia. Wote watatu walisimama wakitazama kioo cheusi. Mpiga picha alihisi, kama alivyoeleza baadaye, kuwa anangoja filamu isafishwe, jambo ambalo hakulihisi kwa miaka mingi. Herufi za Nokia zikatokea. Fundi akasema deni ni la betri tu.

Nyumbani waliunganisha waya wa HDMI kwenye televisheni. Lakini kabla kaka yake hajafungua picha, dada aliweka mkono juu ya simu.

"Ngoja, kaka," akasema. "Kwanza mimi nimwambie."

Akamgeukia binti yake, akamweleza bibi yake alivyokuwa. Alieleza alivyokwenda, akitupa mguu wa kulia kidogo nje kwa sababu ya jeraha la utotoni. Alivyoonja mchuzi kwa kiganja. Alivyowaita kuku kwa sauti nyembamba na watoto kwa sauti nzito. Alivyokasirika bila ya kusema, akafagia ua uliokwisha fagiwa. Alieleza harufu ya kanga zake. Alipokwama alifumba macho, akangoja, akaendelea. Ilichukua muda mrefu, kibatari kingalikwisha mafuta. Kaka yake alisikiliza mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau, na mengine ambayo hakupata kuyaona, kwa kuwa alikuwa dukani.

"Sasa fungua," dada alisema.

Picha ikatokea ukutani kote, kubwa mara nyingi kuliko alivyopata kuiona. Ilikuwa picha njema sana, na yeye, kwa kazi yake, hakuweza kujizuia kuliona hilo: kila uzi wa kanga ulihesabika, punje ya mahindi ilisimama hewani kati ya kidole na ungo, na katika kila mboni palikuwa na nukta moja nyeupe, nuru yake mwenyewe. Lakini uso ndio uliowanyamazisha. Hapakuwa na hasira, wala hofu, wala ule ukavu wa watu wanaojua kuwa wanapigwa picha. Midomo ilikuwa imeanza kufunguka. Macho yalikuwa yametangulia mbele kidogo ya uso, kama ya mtu anayeacha kazi yake kwa sababu ya jambo lililo kubwa kuliko kazi.

Dada yake alisogea karibu na kioo.

"Hapa anaitwa," akasema. "Nani alikuwa akimwita?"

"Mimi."

Mtoto, aliyekwisha shika penseli, alitazama picha, akamtazama mjomba wake.

"Akaitika?"

"Aliitika," alisema mjomba wake. "Alisema nifute."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akamwomba mama yake amweleze tena ule mwendo wa mguu wa kulia, kwa sababu kwenye picha bibi ameketi.